Mzigo wa mkononi kwa safari ya ng'ambo kutoka Lubumbashi: kilo, sentimita na vitu vinavyokataliwa

Maswali ni yale yale kila msimu wa safari. Valizi hii ndogo itapita? Laptop inahesabiwa? Mafuta ya ngazi niliyopewa na mama naweza kuyashika mkononi? Pawabanki inakaa wapi? Jibu la "kilo saba" ambalo watu hupeana mtaani ni kweli kwa shirika moja na ni uongo kwa lingine, na hata likiwa kweli halisemi lolote juu ya ukubwa wa begi wala vilivyomo ndani.

Shika jambo moja kabla ya yote: mzigo wa mkononi unahukumiwa mara tatu. Uzito na ukubwa ni shauri la shirika la ndege. Yaliyomo ni shauri la watu wa usalama wanaokaa nyuma ya mashine, na hao utawakuta katika kila uwanja utakaobadilishia ndege. Ajenti wa kaunta pale Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, akikupitisha, hajakupitisha kwa niaba ya Addis Ababa wala Johannesburg. Kwa hiyo panga kwa kufuata kipande kikali kuliko vyote katika safari yako, hata kama ndicho cha mwisho na kifupi kuliko vyote.

Mwongozo huu unamlenga anayeondokea Luano, au anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupandia ndege Ndola, Zambia. Wa Goma na Bukavu wanaopitia Kigali wafuate hatua hizi hizi, ila wasome vizuri pale panapozungumzia mifuko ya plastiki.

Kabla ya kuanza, weka hivi mezani

- Tiketi yako yote, kurasa zote, si picha ya ukurasa wa kwanza iliyotumwa na wakala kwa WhatsApp.
- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani, au mita ya seremala.
- Mizani. Ile ndogo ya kuning'iniza yenye ndoano ndiyo bora; soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa mjini) huwa zinapatikana. Kama huna, mizani ya bafuni inatosha: panda ukiwa umeshika begi, panda tena mikono mitupu, toa.
- Mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani na unaofungika kwa kubanwa juu, wa lita 1, yaani kama sentimita 20 kwa 20.
- Vichupa vya mililita 100 au chini yake, vilivyoandikwa ujazo wake.
- Begi lenyewe, likiwa tupu.
- Sakoshi au begi dogo la mgongoni kwa vitu vya karibu.

Hatua ya 1: Soma tiketi yako, usimsome jirani

Tafuta mambo matatu kwenye tiketi.

La kwanza ni shirika linalorusha ndege katika kila kipande. Tiketi inaweza kuuzwa na shirika moja na ndege ikawa ya lingine. Karibu na namba ya safari utaona maandishi "operated by" au kwa Kifaransa "opéré par". Mzigo wa mkononi kwa kawaida unafuata shirika lenye ndege utakayoikalia, hata kama jina kubwa juu ya karatasi ni la mwingine.

La pili ni alama ya mizigo. Ukiona 1PC au 2PC, hiyo ni idadi ya valizi za sute, yaani zinazokaa chini tumboni mwa ndege, na kila moja ina kikomo chake cha kilo, mara nyingi 23. Ukiona 30K, ni kilo 30 kwa jumla. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu mkononi. Hapa ndipo wengi huteleza: mtu anaona 2PC anadhani amepewa begi mbili za kuingia nazo ndani, kisha anabishana na ajenti huku mstari umejaa nyuma yake.

La tatu ni kama safari nzima iko kwenye tiketi moja. Kama umenunua Lubumbashi hadi Nairobi mahali pamoja na Nairobi hadi mbele mahali pengine, hizo ni safari mbili. Wa pili hajui uliahidiwa nini na wa kwanza, na anaweza kukupima upya kwa kanuni zake.

Hatua ya 2: Andika kikomo cha kila shirika utakalopanda

Hivi ndivyo vikomo vya daraja la ekonomi kwa mashirika ambayo watu wa huku hukutana nayo zaidi, ama moja kwa moja ama baada ya kuunganisha:

- Ethiopian Airlines: begi 1, kilo 7, sentimita 55 × 40 × 23.
- Kenya Airways: begi 1, kilo 12, sentimita 55 × 35 × 25.
- South African Airways: begi 1, kilo 8, sentimita 56 × 36 × 23.
- Turkish Airlines: begi 1, kilo 8, sentimita 55 × 40 × 23.
- Emirates: begi 1, kilo 7, sentimita 55 × 38 × 22.
- Air France: begi 1 la 55 × 35 × 25 pamoja na kifurushi kidogo cha 40 × 30 × 15, vyote viwili visizidi kilo 12 vikijumlishwa.

Mashirika hubadilisha namba hizi bila kupiga tarumbeta. Zihakikishe kwenye tovuti ya shirika lenyewe siku unayonunua tiketi na tena siku chache kabla ya kuondoka, upige picha ya ukurasa ule na simu.

Sasa chukua kidogo kuliko vyote katika kila upande. Ukifanya hivyo kwa orodha hii unapata begi la sentimita 55 × 35 × 22 lenye kilo 7. Begi la namna hiyo linapita kwa wote sita. Anayenunua begi jipya asikubali lingine. Anayenunua kubwa zaidi "kwa sababu Kenya Airways wanaruhusu 12" atajuta siku akipitia Addis.

Na usitegemee kipimo cha IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) cha 56 × 45 × 25 ambacho hutajwa mara kwa mara. Hicho ni mwongozo wa jumla tu. Hakuna shirika hata moja katika orodha hii linalokubali upana wa 45.

Hatua ya 3: Pima begi likiwa tupu

Lisimamishe sakafuni. Pima urefu kuanzia chini ya magurudumu hadi juu kabisa ya mkono uliokunjwa. Pima upana mahali palipotokeza zaidi, pamoja na mkono wa pembeni. Pima unene ukiwa umehesabu mifuko ya mbele, kwa sababu mfuko wa mbele ukijazwa huongeza sentimita 3 au 4 bila wewe kuona.

Karatasi ya dukani iliyoandikwa "cabin" haina nguvu mbele ya lile sanduku la chuma la kupimia. Viwanda vingi huandika urefu wa ganda pekee, kisha magurudumu yanaongeza lake. Valizi iliyouzwa kama ya 55 mara nyingi ukiipima na magurudumu yake inakuwa 58.

Halafu ipime uzito ikiwa tupu, uandike. Namba hii watu wengi hawaijui, na ndiyo inayowamaliza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kilo kabla ya kukunja nguo yoyote

Chukua kikomo cha kilo 7. Valizi ngumu ya magurudumu manne yenye uzito wa kilo 3.1 inakuachia kilo 3.9. Suruali ya jinzi ni kama gramu 700, mashati mawili gramu 500, viatu vya pili gramu 900, jalada la karatasi zako gramu 500, mfuko wa mafuta na dawa ya meno kilo 1. Tayari umefika kilo 3.6, jumla na valizi 6.7. Laptop ya kilo 1.8 na chaja yake ya gramu 400 haina pa kuingia: ukiitia, unasoma 8.9.

Chukua vitu vile vile uvitie katika begi laini la kitambaa la gramu 900. Umeokoa kilo 2.2, ambazo ni laptop na chaja yake barabara, na bado uko 6.7. Hakuna ujanja mwingine wa kupanga utakaokupa kilo mbili kwa mkupuo. Kwa shirika la kilo 7, achana na valizi ngumu. Magurudumu yatakufaa siku unayopanda shirika la kilo 12.

Lenga nusu kilo chini ya kikomo. Mizani ya nyumbani na ya kaunta hazisomi sawasawa, na kuna chupa ya maji au zawadi ya dakika ya mwisho ambayo shangazi atakusukumia mlangoni.

Hatua ya 5: Gawa vitu mafungu matatu

Mashirika mengi yanaruhusu kitu kimoja kidogo juu ya begi la kabini: sakoshi ya mama, begi la laptop, mkoba wa karatasi. Kikae chini ya kiti kilicho mbele yako. Kipimo salama ni 40 × 30 × 15. Begi la mgongoni lililofura si sakoshi, hata ukiliita hivyo kwa upole.

Fungu la kwanza, kwenye sakoshi, ni vile ambavyo hutakiwi kutengana navyo hata begi la kabini likichukuliwa: pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, pesa, simu, dawa za kila siku, funguo, pawabanki, laptop, karatasi za chuo au za biashara.

Fungu la pili, begi la kabini: nguo za siku moja au mbili, vitu vya kuvunjika, vya thamani, mfuko wa vimiminika.

Fungu la tatu, valizi ya sute: kila chenye ncha, kila cha maji kinachozidi mililita 100, kila cha unga, na chochote kinachonuka. Makayabo yakae huko, yamefungwa mara tatu. Sheria ya usalama haina shida na samaki mkavu. Abiria wa kiti cha jirani kwa saa nane anayo.

Koti zito na viatu vizito usivipange popote, vivae. Nguo iliyo mwilini haipandi mizani, na anayetua Johannesburg mwezi wa saba au Brussels mwezi wa kwanza atalihitaji hilo koti mlangoni mwa ndege.

Hatua ya 6: Vimiminika

Kanuni ya mililita 100 imekuwepo tangu 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Kila chombo kisizidi mililita 100, vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja wa lita 1 unaofungika bila kulazimishwa, mfuko mmoja kwa abiria mmoja.

Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya losheni ya mililita 400 iliyobaki kidole kimoja chini inatupwa. Hili ndilo kosa linalojaza mapipa ya uwanja wa ndege kuliko lingine lolote.

Kipi ni kimiminika? Kama unaweza kukimwaga, kukipaka au kukinyunyiza, kihesabu humo. Mafuta ya ngazi, asali, siagi ya karanga, pilipili ya kusaga yenye mafuta, mafuta ya nywele, dawa ya meno, marashi, deodoranti ya kupuliza, mchuzi. Munkoyo kwenye chupa ni kimiminika, hata ukimwambia afisa kwamba ni chakula. Sombe iliyogandishwa inaondoka nyumbani ikiwa jiwe na kufika kwenye mashine ya pili ikiwa uji. Itie sute, ndani ya mifuko miwili na taulo.

Wasiobanwa na mililita 100 ni wachache: maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari, na dawa unazozihitaji njiani. Dawa zibaki katika vifungashio vyake vyenye jina, pamoja na karatasi ya daktari. Viweke pembeni uvionyeshe kabla ya kuulizwa.

Chupa ya maji ikiwa tupu inapita. Ijaze upande wa pili.

Manukato au pombe ya duka la uwanjani hufungwa katika mfuko maalum uliozibwa, risiti ikionekana ndani. Usiufungue hadi mwisho kabisa wa safari. Ukiufungua Nairobi ili umwonyeshe rafiki, kwenye mashine inayofuata ile ni chupa ya kawaida ya mililita 750.

Kuhusu mifuko yenyewe: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008 na Kenya 2017. Anayeingia Kigali au Nairobi asifunge vitu vyake kwa sashe nyeusi za sokoni. Tumia mifuko ya kitambaa, na ule mfuko mmoja wa vimiminika uubebe hadi urudi nao, usiuache nchini mwao.

Hatua ya 7: Betri

Pawabanki na betri yoyote ya akiba ni za kabini tu. Hazikai sute kamwe. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani, wahudumu wanaweza kuizima. Kwenye tumbo la ndege hakuna mtu.

Kikomo kinasomwa kwa wati-saa (Wh):

- Hadi Wh 100: ruksa.
- Kuzidi 100 hadi 160: uombe kibali cha shirika kwanza, na si zaidi ya mbili za akiba.
- Kuzidi 160: hapana.

Kama pawabanki yako imeandikwa mAh pekee, zidisha kwa volti (kwa kawaida 3.7) ugawe kwa 1,000. Ya 10,000 ni Wh 37. Ya 20,000 ni Wh 74. Ya 27,000 ni Wh 99.9, ukingoni kabisa. Ya 30,000 ni Wh 111, na hapo umeingia kwenye kuomba kibali. Zile zinazouzwa kando ya barabara zikiwa zimeandikwa 50,000 au zaidi, hata kama namba ni ya uongo, afisa atasoma uongo huo huo na kuutumia dhidi yako: 50,000 ni Wh 185.

Maandishi yakifutika, umepoteza. Pawabanki isiyosomeka huchukuliwa kama isiyojulikana. Chagua yenye namba zilizochapwa vizuri, na usiifunike kwa kibandiko.

Kuna mashirika yaliyokaza zaidi. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabanki moja kwa abiria, chini ya Wh 100, na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kisha wakapanda ndege za ndani ya China wajue kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege hizo hazipokei pawabanki isiyo na alama ya 3C, ile ya uthibitisho wa usalama ya huko. Na kiberiti cha gesi usikiendee nacho China kabisa, mkononi wala sute.

Betri za akiba za kamera zifunike ncha kwa utepe, kila moja kwenye kimfuko chake, zisigusane na sarafu wala funguo.

Hatua ya 8: Unga, malakiti na vya kumpelekea ndugu

Unga wa bukari, uwe wa mahindi au wa muhogo, si kimiminika, lakini anayeelekea Marekani asiubebe mkononi. Tangu 2018, kitu cha unga kinachozidi mililita 350, ujazo wa kopo moja la soda, kinafanyiwa uchunguzi wa ziada, na kisipoeleweka kinabaki. Sute hakina tatizo hilo.

Malakiti ndiyo zawadi ya Katanga, na ndiyo inayowaumiza wasafiri. Jiwe hili ni zito karibu mara nne ya maji: kipande cha sentimita 10 kila upande kina karibu kilo 4. Sanamu ya tembo inayokaa kiganjani inaweza kula robo ya mzigo wako wote. Mkufu, bangili na mayai madogo yakae mkononi kwa sababu yanavunjika. Sanamu kubwa iende sute, imezungushiwa nguo, kwanza kwa uzito, pili kwa sababu jiwe zito lenye ncha linaweza kuonekana kama kitu cha kupigia. Nunua iliyochongwa na kung'arishwa, uombe risiti. Jiwe ghafi kutoka mgodini ni habari nyingine kabisa. Hilo ni madini, lina karatasi zake, na si la kutia kwenye valizi. Pembe za ndovu usiziguse, hata bangili ya zamani ya bibi.

Ukienda Ulaya, nyama na maziwa kutoka huku haviingii kwenye mizigo ya abiria, hata vikiwa vimekaushwa au kupikwa. Matunda na majani mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo ndizi inapita na embe linakamatwa. Sombe mbichi nayo inakamatwa. Pesa taslimu zikifika euro 10,000 zinaandikishwa kwa forodha ukiingia.

Hatua ya 9: Panga kwa mpangilio wa mashine

Utafunguliwa begi. Panga ukijua hilo. Nguo na viatu chini. Laptop na mfuko wa vimiminika juu kabisa, vitoke kwa mkono mmoja. Nyaya zote ndani ya kimfuko kimoja: fundo la nyaya lililotapakaa ndilo linalosimamisha begi kwenye mashine. Mikasi, wembe, bisibisi na kisu cha jikoni vihamishie sute leo, usisubiri kuambiwa.

Hatua ya 10: Pima tena usiku, uondoke mapema

Pima begi likiwa limejaa na limefungwa. Pima na sakoshi pia, kwa sababu kuna kaunta zinazoviweka vyote viwili mizani. Chukua begi ulinyanyue juu ya kichwa mwenyewe, mara moja. Kama huwezi, hakuna aliyeajiriwa kukunyanyulia.

Weka malipo ya Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, sawa kabla hujafika kwenye mlango wa kuondokea, na fika Luano masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Mwenye muda anafungua valizi na kuhamisha vitu kwa utulivu. Aliyechelewa analipa chochote anachotajiwa.

Mambo yakienda kombo

*Begi limezidi kilo moja au mbili kaunta.* Omba ruhusa ya kusogea pembeni, usibishane. Hamishia valizi ya sute, ambayo mara nyingi bado ina nafasi. Vaa koti, tia chaja mfukoni. Rudi. Kama sute nayo imejaa, uliza bei ya ziada kabla hujakubali, na udai risiti rasmi ya shirika. Anayetaka malipo pembeni bila karatasi, mwambie kwa heshima unalipia kaunta.

*Begi haliingii kwenye sanduku la kupimia.* Toa vilivyo kwenye mfuko wa mbele kwanza. Mara nyingi ni unene tu uliozidi. Begi laini unaweza kulibana, gumu huwezi. Kama ni magurudumu ndiyo yaliyozidi, hilo linaenda chini.

*Mlangoni wanasema ndege imejaa, begi lako litaingia sute.* Hutokea sana kwenye ndege ndogo kama za Embraer, ambazo makabati yake ya juu ni finyu. Hata kama begi lako ni halali, litachukuliwa. Kabla ya kuliachia, toa pawabanki na betri za akiba zote, kisha laptop, dawa, pesa na karatasi. Uliza swali moja: nalipokea mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo, na katika mji gani? Kichwa cha karatasi ya begi kitakuonyesha herufi tatu za uwanja. ADD ni Addis Ababa, NBO Nairobi, JNB Johannesburg. Hifadhi kipande chako.

*Addis Ababa wamechukua chupa uliyoruhusiwa Luano.* Hakuna rufaa hapo. Kama ni dawa, onyesha karatasi ya daktari na uombe msimamizi wa zamu. Kama ni losheni, iache.

*Pawabanki imekataliwa kwa kukosa maandishi.* Kama una aliyekusindikiza na bado hajaondoka, mrudishie. Usiitie kisiri kwenye valizi ya sute: mashine ya chini itaiona, na valizi itafunguliwa au itabaki Lubumbashi bila wewe.

*Una tiketi mbili zisizoungana na shirika la pili ni kali zaidi.* Nunua kilo za ziada za shirika la pili mapema kupitia tovuti yao. Kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta. Kumbuka pia kwamba valizi ya sute itaishia mji wa kati, utaipokea na kuiandikisha upya, na kwa hilo unaweza kuhitaji viza ya kuingia nchi hiyo. Uliza kabla ya kulipa tiketi.

*Mtoto mchanga asiye na kiti.* Haki yake ya mzigo si sawa na yako na inatofautiana kwa shirika. Mstari wake kwenye tiketi unaonyesha cha sute tu, kwa hiyo piga simu uulize kuhusu begi la nepi na kigari. Kigari kinachokunjika mara nyingi unakisukuma hadi mlangoni mwa ndege, na hapo wanakipokea.